Siku Niliyoyapata Matobolwa Maktabani

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, pale Nyegezi, nikifanya utafiti kuhusu matobolwa, kama sisi Wasukuma tunavyoviita vile viazi vitamu ambavyo mama yangu huvichemsha, kuvikata na kuvianika juani. Asubuhi nzima niliandika neno hilo kwenye kompyuta ya maktaba, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: hakuna kilichopatikana.

Mkutubi, mama wa makamo kutoka Bukoba, aliniona nimeshika tama. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Akavuta kiti.

"Huenda aliyeandika hakuwa Msukuma," alisema. "Liandike kama alivyolisikia yeye. Weka r mahali pa l."

Nikaandika "matoborwa". Ikatokea ripoti moja! Nilipiga kelele hadi wasomaji wakageuka. Ilikuwa ripoti ya zamani ya bwana shamba mmoja, iliyopigwa chapa kwa mashine, na tuliikuta kwenye kabati la nyuma imejaa vumbi. Ukurasa wa nne ulieleza kila hatua, hata kufunika chungu kwa majani ya viazi, kama afanyavyo mama.

Nikaunakili ukurasa huo daftarini, nikatoka mbio, nikampigia simu.

"Mama, umo kwenye kitabu!"

"Nimefanya nini tena?" aliuliza kwa hofu.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikamsomea yote.

"Hapo kwenye siku za kuanika amekosea," alisema. "Una kalamu? Andika."