Habari Alizopewa Kaniki

Juzi mjukuu wangu alibandika maziwa jikoni, akatoka barazani kuchezea simu. Yakafurika, yakamwagikia mkaa, yakaungua. Alipiga kelele kana kwamba nyumba imeshika moto. Mimi nilikuwa nimejinyoosha chumbani, na harufu ile iliponifikia sikuinuka. Nilivuta pumzi tu, nikafumba macho. Wengine husema inanuka vibaya. Mimi nimekulia Mikwajuni, ambako kila nyumba ilikuwa na sufuria yenye ukoko wa maziwa chini, na watoto tuligombania kuukwangua kwa kijiko.

Mikwajuni ilikuwa bara kidogo ya Bagamoyo, ukishapita Fukayosi, kwenye njia ya vumbi lililotia wekundu hata kwenye kope. Sisi tuliiita mji. Ilikuwa na barabara moja, duka moja la Mwarabu, msikiti ulioezekwa makuti, na josho la kuogeshea ng'ombe ambalo watoto tulikatazwa kulisogelea na kwa hiyo tulikuwa pale kila siku. Watu wengine wa pwani walivua au walilima. Sisi tulifuga ng'ombe wa maziwa, na jambo hilo lilitufanya kituko. Watoto wa Mlingotini walipokuja kutembelea ndugu zao walituambia tunanuka ndama. Nasi tuliwaambia wananuka papa. Heshima ikishapatikana pande zote mbili, tulicheza.

Asubuhi yetu ilianza kwa makopo ya maziwa kugongana nyuma ya baiskeli. Wanaume walitoka msikitini wakaingia mazizini, na jua lilipochomoza walikuwa tayari njiani kwenda Bagamoyo mjini, ambako wenye hoteli waliwangojea kwa ajili ya chai.

Baba yangu, Sefu, alikuwa mmoja wao, Mkwere wa palepale, mzaliwa wa watu wa ng'ombe. Mama yangu, Zuhura, alikuwa binti wa fundi cherehani wa Bagamoyo mjini. Walionana kwa sababu ya maziwa. Baba aliyapeleka hoteli iliyotazamana na nyumba yao, na inasemekana alianza kuchelewa kurudi. Mama alipoolewa alikuja Mikwajuni na chetezo chake, vikombe vyake vya kaure, na hofu yake ya ng'ombe. Akipita karibu na zizi alikusanya buibui lake kwa mikono miwili, kama mtu anayevuka mto.

Watu wakamwita Bibi Mjini. Hawakuwa na ubaya mkubwa, lakini jina lilimganda. Bibi yangu mzaa baba, tuliyekaa naye nyumba moja, alikuwa na maneno aliyompa kila mgeni: "Mkwe wangu hodari wa kukaanga maandazi. Bahati mbaya ng'ombe hawali maandazi." Mama alitabasamu na kuongeza chai.

Sasa nikuambie habari za Kaniki. Alikuwa ng'ombe mweusi tii, ndiyo asili ya jina lake, na alama nyeupe kwenye paji kama aliyepigwa kofi la unga. Alikuwa na maringo. Hakukubali kukamuliwa na mtu ila Baba, na Baba alijivunia jambo hilo kama mzazi aliyehitimisha mtoto chuo cha Kurani. Mimi nilifuatana naye zizini kila asubuhi kushika kamba ya ndama, kwa hiyo nilijua siri yao. Baba alimpa habari. Alikaa kwenye kigoda, akapaka samli vidoleni, akaanza: "Umeamkaje, bibi? Jana bwana duka kagombana na mkewe tena, safari hii ni kwa ajili ya bata." Kaniki alitikisa sikio, akacheua, na maziwa yakashuka.

Mwaka mmoja wa mwanzo wa miaka ya sabini, nikiwa bado madarasa ya chini, mvua za vuli hazikuja. Malisho yakakauka yakawa kama fagio, na ng'ombe mmoja baada ya mwingine akaacha kutoa maziwa. Kaniki, aliyekuwa amezaa karibuni, ndiye pekee aliyeendelea. Wakati huohuo jirani yetu Tatu alijifungua mtoto wa kiume, kisha akashikwa na homa iliyokatisha maziwa yake. Basi Mama alichukua maziwa ya Kaniki, akayachemsha, akayaongeza maji, akampelekea mtoto asubuhi na jioni, akamnywesha kwa kijiko. Mtoto alikuwa mdogo kama paka. Mama alimshika kwa namna ambayo hata mimi, mwanawe, niliona wivu kidogo.

Ndipo baiskeli ya Baba ikaingia kwenye korongo njiani, ikamtupa, akavunjika mguu. Walimpeleka hospitali, mguu ukafungwa plasta, akalazwa.

Jioni ile kazi ya kukamua ikamwangukia baba mdogo Shomari, aliyejiona bingwa wa kila kitu. Aliingia zizini akipiga mluzi. Kaniki aligeuza shingo akamtazama, akangoja mpaka amekaa vizuri, kisha akampiga teke. Tulimwona baba mdogo amekaa juu ya mavi, ndoo mapajani, mluzi umekwisha. Kesho yake wakaja majirani. Mmoja alileta chumvi. Mwingine alimfunga Kaniki miguu ya nyuma, akafaulu kubaki na meno yake, lakini maziwa hakuyapata. Kaniki aliyazuia hukohuko ndani. Ndama peke yake hakuweza kumaliza yale yote, na kiwele kikaanza kuvimba kikawa kigumu na cha moto. Bibi alikigusa akatikisa kichwa. Alisema kikikaa hivyo kitaharibika, na Kaniki hatatoa tena.

Dukani maziwa ya kopo yalikuwa yamekwisha. Tuliulizia mpaka Fukayosi, wapi. Mtoto wa Tatu alipewa uji mwepesi, akautapika. Alilia siku nzima, na nyumba zetu zilikuwa karibu. Kila saa kilio chake kilizidi kuwa chembamba.

Siku iliyofuata, alasiri, Mama alirudi kutoka kwa Tatu, akakaa kizingitini bila kuvua buibui.

"Mwanaidi," akaniita, "baba yako humfanyia nini yule mnyama?"

"Humpa habari."

"Habari gani?"

"Za mji. Nani kaoa, nani kagombana."

Alinitazama kwa muda kuona kama namfanyia mzaha. Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa shati la Baba la kukamulia, lile ambalo siku zote alitaka kulifua na Baba akamkataza, na msuli wa Baba, na kofia ya Baba iliyomshuka hadi masikioni. Bibi aliyekuwa akichambua mchele uani alisimamisha mikono.

"Astaghfirullahi! Zuhura, unavaa nguo za mume mchana kweupe?"

"Nguo za mume wangu, mama. Niwie radhi. Nitazivua mtoto akishakunywa."

Mji ule habari haikuhitaji redio. Kabla hatujafika zizini, nyuma ya uzio walikuwa wamekwishajaa wanawake na mizigo yao ya kuni, watoto wa chuo, baba mdogo Shomari, na hatimaye Bibi mwenyewe, ungo mkononi.

Nilishika kamba ya ndama. Mama aliketi kwenye kigoda. Kaniki alinusa shati, akalinusa tena, akatulia, lakini maziwa hayakuja.

"Habari za jioni, bibi," Mama akasema, kwa sauti ya mtoto anayesomeshwa mbele ya darasa.

Kaniki hata sikio hakutikisa.

"Mpe habari, Mama," nikamnong'oneza.

"Mimi habari za mji huu nitazitoa wapi? Nani ananiambia?"

"Basi mpe zako."

Mama aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Kaniki, kama Baba alivyofanya, ingawa hakuna aliyemfundisha. Akavuta pumzi.

"Haya. Zangu ni hizi. Nimeolewa huku kabla mtoto huyu hajazaliwa, na mpaka leo naitwa Bibi Mjini. Nikitokea barazani watu wananyamaza. Wakienda kutwanga hawaniiti, wanasema mikono yangu laini. Mkwe wangu, kila mgeni akija, anamwambia ng'ombe hawali maandazi. Maandazi yenyewe anayala yeye, na siku akiyakosa ananuna."

Nyuma ya uzio mtu alikohoa kuficha kicheko. Mama hakugeuka.

"Shemeji yangu aliniambia nirudi kwetu nikauze halua. Nami juzi nimemwona alikokaa, si mahali pa kumwandalia halua. Kwetu naweza kurudi, bibi. Njia naijua. Lakini mtoto wa Tatu akilia, kilio kinaniingia tumboni kama ni mtoto wangu mwenyewe. Na yule wa hospitali nikimwacha, nimwachie nani? Sasa nimekuja kwako. Nakuogopa. Nakuogopa mpaka magoti yanagongana, na wewe unayasikia. Usinipige teke, tafadhali. Sina mwingine wa kumwambia haya."

Kaniki alishusha pumzi ndefu iliyopeperusha makapi chini, akaanza kucheua. Nilisikia maziwa yakigonga chini ya ndoo, kidogo, kisha kwa nguvu, mpaka mlio ukabadilika kwa povu. Mama alilia na kukamua, akakamua na kulia, na nje ya uzio hakuna aliyecheka tena.

Mtoto wa Tatu alikunywa jioni ile akalala mdomo wazi, kijiko bado kiko shavuni. Siku hizi ana wajukuu na kitambi.

Magharibi Bibi aliingia zizini na maji ya moto na kitambaa, akamwonyesha Mama namna ya kukanda kiwele. Hawakuzungumza mambo ya maandazi. Lakini kesho yake alipokuja mgeni, Bibi alianza kama kawaida, "Mkwe wangu hodari wa kukaanga maandazi," kisha akamalizia, "na yule ng'ombe mwenye kiburi anamkamua yeye." Akachukua andazi.

Kilichofuata kilinifurahisha kuliko vyote. Wanawake walianza kuja kwetu kila alasiri. "Mama Mwanaidi," mmoja alisema akijikaribisha mkekani, "kamwambie Kaniki kwamba binti wa kule kijijini Mkange kaposwa." "Kamwambie Kaniki yule bata wa bwana duka kapatikana, kumbe alikuwa akiatamia nyuma ya josho." Walimletea Kaniki habari nyingi kiasi kwamba hata angekuwa na viwele viwili asingezimaliza. Wakishaleta habari, walikunywa chai kwenye vikombe vya kaure, na walipokwenda kutwanga walimpitia Mama mlangoni.

Baba alirudi na magongo. Asubuhi ya kwanza alitaka kumkamua Kaniki mwenyewe, akasogeza kigoda, akapaka samli, akasalimu. Kaniki alimtazama kama mtu wa kodi, akapiga ndoo teke. Baba mdogo Shomari, ambaye alikuwa na sababu zake, alicheka mpaka akashika mti.

Baba alijikongoja hadi ndani, akatoka amejifunga kanga ya Mama kiunoni na nyingine amejitanda kichwani, magongo kwapani, ndevu nje. Bibi aliinua mikono juu akasema mji umelaaniwa. Baba akaketi.

"Umeamkaje, bibi?" akasema kwa sauti ya kusikika hadi msikitini. "Nilikuwa hospitali. Nasikia nilipokuwa sipo alikuwepo hapa mtu anaitwa Bibi Mjini. Huyo mimi simjui. Ninaye mke anayeitwa Zuhura. Ukimwona mtu anamtafuta huyo mwingine, mwambie kahama."

Maziwa yalishuka. Na jina lile sikulisikia tena Mikwajuni.

Mimi niliamini kila neno. Niliamini ng'ombe hupenda umbea, na kwa muda mrefu niliwasimulia kuku wetu habari za shuleni ili watage. Miaka mingi baadaye, Baba akiwa ametangulia mbele ya haki na Mama anakaa nami hapa Dar es Salaam, nilimuuliza kama siku ile alijua kwamba watu wamejaa nje.

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Uzio wenyewe wa fito, mwanangu. Jicho la mkwe wangu nililiona hivi, na punje ya mchele imemganda shavuni."

"Kwa hiyo ulikuwa ukisema nao?"

"Barazani nilijaribu mara nyingi. Nikiwatazama usoni, sauti haitoki. Siku ile niliwapa mgongo."

Nikamuuliza kuhusu Baba, kama ni kweli Kaniki alimkataa.

"Asubuhi ile ya kwanza, kweli. Jioni yake alikuwa amekwishamkumbuka. Ng'ombe hana kinyongo."

Lakini mimi nilikumbuka vizuri sana. Baba hakuvaa kanga asubuhi moja tu. Aliendelea kuivaa mpaka plasta ikafunguliwa, mpaka akatupa magongo, mpaka mvua za masika zikaanza kunyesha na wenzake wakachoka hata kumcheka. Utoto wangu wote nilidhani alikuwa akimdanganya ng'ombe. Mama alinitazama, akaona nimefika nilipokuwa naelekea, akaongeza kwa sauti ya chini.

"Na kigoda alikihamisha," akasema. "Siku zote alikuwa akikamua upande wa ndani, penye kivuli. Tangu siku ile alikaa upande wa barabarani, wanakopita watu."