Kipande Tulichopanga Kukiruka

Dar es Salaam wanamkumbuka mwigizaji wetu kwa filamu moja tu, ile aliyocheza tajiri mwenye kiburi. Jambo hilo linanikera mpaka leo. Sisi mashabiki wake wa Murusagamba, alikozaliwa, tunamjua mlinzi aliyefungua geti, akasema "Karibu bosi," basi. Tunamjua mgonjwa wa kitanda cha nyuma, anayekohoa wakati wenzake wanaongea. Alipofariki, tuliamua kumkumbuka kwenye kibanda cha video kwa nafasi hizo ndogo ndogo ambazo magazeti hayakuzitaja.

Mama yake tulimwalika kwa heshima tu. Hakuwahi kumtazama mwanawe kwenye filamu hata moja, hatukutegemea aje. Akaja, amejitanda kitenge cha kanisani, akaketi benchi la mbele. Nikakumbuka ratiba yetu. Katika filamu iliyofuata, mwanawe alicheza msukuma mkokoteni anayegongwa na gari, na baadaye anaonyeshwa ndani ya jeneza lililo wazi, pamba puani. Na mama huyu hakuwahi kumzika, maana mazishi yalifanyika Dar es Salaam. Mvua ilikata barabara, akachelewa kutoka. Alipofika Nyakanazi kubadilisha basi, akapigiwa simu kwamba wamekwisha kuzika. Akarudi nyumbani.

"Toa hiyo, weka nyingine," nilimnong'oneza mwenye kibanda.

"Watu wanaisubiri hiyo hiyo," akajibu, akanipa rimoti. "Ikifika pale, ruka."

Rahisi kusema! Nikakaa nyuma ya mama, kidole gumba kwenye kitufe. Mkokoteni ulipotokea, akacheka.

"Anasukuma vile vile alivyosukuma baiskeli ya ndizi mlimani," akasema.

Kibanda kizima kikacheka naye, isipokuwa mimi. Gari likapiga honi. Kwenye picha watu wakaangua kilio, nami nikabonyeza. Haikuruka. Nikabonyeza tena kwa hasira, nikaigonga rimoti gotini, picha ikaganda palepale: uso wake, ndani ya jeneza.

Nikakimbilia kuchomoa waya.

"Acha, mwanangu," mama akaniambia. "Mwana wanje, mtoto wangu, sikumuaga."

Akasimama, akasogea mpaka kwenye televisheni, akafanya ishara ya msalaba. Akaweka kiganja kwenye kioo, akazungumza na mwanawe kwa Kihangaza, lugha ya kwao, polepole. Kisha mwenye kibanda akavua kofia, akaenda kusimama nyuma yake. Wengine wakafuata, tukapita mmoja mmoja mbele ya kile kioo, kama tunavyopita msibani. Nililia bila kujificha.

Mama alisubiri mpaka wa mwisho apite. Akanigeukia.

"Haya, mfunikeni."

Nikabonyeza. Safari hii rimoti ilikubali, filamu ikaendelea, na mfuniko ukashuka.