Babu, Mjukuu na Saa za Matroni

Hospitali ilikuwa na majengo mawili, la zamani na jipya, na kila jengo lilikuwa na seva yake, yaani kompyuta kubwa inayofanya kazi bila mtu kuketi mbele yake. Hizi mbili zilitunza majina ya wafanyakazi wote na maneno yao ya siri. Ya jengo la zamani, iliyochakaa, watu waliiita Babu. Ya jengo jipya, Mjukuu. Jina likiandikwa kwa Babu, Mjukuu hupashwa habari, na Mjukuu naye vivyo hivyo.

Basi Babu na Mjukuu wakanuniana. Wauguzi wapya walioandikishwa kwa Babu wakipangiwa zamu jengo jipya, kompyuta ziliwakana mchana kweupe, na majibu ya vipimo vya wagonjwa wasiweze kuyafungua. Meneja akachoka. Akaamuru Babu ang'olewe mchana ule na afutwe.

Mama Waya, fundi wa kompyuta wa hospitali, alimwambia kwamba wauguzi wale wamo kwa Babu peke yake. Ukimfuta, umewafuta nao. Meneja akampa asubuhi ile tu.

Jina la Mama Waya alilipata kwa wapishi, siku aliposhuka darini na utando wa buibui kichwani na waya shingoni kama mkufu. Hakununa, aliwauliza kama mkufu umempendeza. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsimika Babu, akiwa na mimba ya kifunguamimba wake. Mtoto amekua, ana ndevu, na Babu bado yupo kazini. Si haba.

Akakagua kebo, nzima. Akazima, akawasha. Mjukuu aliitwa akaitika, lakini akiombwa kupokea majina anagoma, kama ndugu waliogombea shamba. Ndipo alipomtazama Babu saa yake. Ilikuwa mbele kwa dakika kumi. Na seva hizi, zikipishana saa kupita kiasi, haziaminiani tena. Kila moja humwona mwenzake tapeli.

Dakika kumi. Mama Waya akainua macho ukutani, akacheka peke yake.

Matroni, mkuu wa wauguzi, alikwisha kuamuru zamani kwamba saa zote za ukutani zitangulie dakika kumi, mtu asichelewe zamu. Kila mtu alijua, kila mtu alitoa kumi kichwani, na wa kuchelewa walichelewa vilevile. Sasa, Mama Waya alipokuwa likizo, betri ndogo inayoshikilia saa ya Babu ilikufa, na aliyeibadilisha ni fundi umeme. Fundi umeme ni mumewe.

Akamwita.

"Baba watoto, ulipotia betri, saa uliitoa wapi?"

Fundi akanyoosha bisibisi ukutani. "Pale. Ningeitoa wapi tena? Niliilinganisha mpaka sekunde."

"Mpaka sekunde."

"Kuna ubaya?"

"Hamna, mume wangu. Ila umemwajiri Babu chini ya Matroni."

Fundi akajikuna kisogo, kisha akacheka kuliko mkewe.

Saa ikarudishwa mahali pake, na majina yakaanza kutiririka. Meneja alipofika na wapagazi wawili, Mama Waya aliwaomba wasubiri mlangoni, akapiga simu jengo jipya. Muuguzi mmoja, aliyekuwa amekataliwa tangu aajiriwe, akajaribu tena.

"Imenifungulia, Mama," akasema.

Meneja aliipokea simu, akasikiliza, akawaambia wapagazi waende wakale. Babu akae mpaka amkabidhi mjukuu wake kila kitu, na siku ya kumzima aichague Mama Waya.

Matroni alipewa habari. Saa zake hakuzigusa.

Jioni, mlinzi wa lango aliwauliza mke na mume wakitoka ni nani aliyewapatanisha Babu na Mjukuu. Fundi umeme, mkoba wa vifaa vya mkewe begani, alijibu kabla mkewe hajafungua kinywa:

"Ugonjwa niliuleta mimi, dawa kaileta huyu. Nyumba yetu haiazimi kitu kwa jirani."