Nilisema Yowe Lisubiri

Nilikosea mimi. Naandika hivyo kwanza, kabla sijaanza kutafuta maneno ya kujifichia, maana nimejificha karibu mwaka mzima na nimechoka.

Ninaishi kijiji kimoja wilayani Mpwapwa, chini ya milima. Ni karani wa mizani kwenye ghala la alizeti. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe: vitabu vya mitumba kutoka Dodoma mjini, redio, na siku hizi simu. Napenda kitu kilichopimwa. Kisichopimwa sikukiamini, na hapo ndipo nilipoangukia.

Kijiji chetu kinakatwa na korongo. Miezi mingi ni mchanga mtupu, na wanawake huchimba humo visima vya kuchota maji. Mwisho wa kiangazi maji yanakuwa yamekwenda chini sana, kisima kinammeza mtu mzima hadi kichwani. Aliye ndani haoni kitu, wala hasikii vizuri.

Sasa mvua inaweza kunyesha milimani, huku kwetu jua linawaka, na maji yakashuka ghafla. Ndiyo maana tangu zamani kuna yowe. Watu wa kitongoji cha juu wakiona maji yanapita, wanapiga yowe. Nyumba inayofuata inalipokea, na inayofuata, mpaka linafika kwetu. Yowe linakwenda mbio kuliko maji. Hakuna anayeuliza swali. Ukisikia unapokea, na waliomo mchangani wanatoka.

Utaratibu huo niliuvunja mimi!

Nilikuwa katibu wa kamati ya maafa ya kijiji. Msimu ule yowe lilikuwa limeshuka mara tatu bila maji. Mara ya kwanza ilikuwa fisi kaingia zizini. Mara ya pili watu waligombana. Ya tatu hatukujua hata sababu. Kila mara wanawake walikimbia, ng'ombe wakaingia wakabomoa visima, asubuhi nzima ikapotea. Wakalalamika, na walikuwa na haki.

Kwenye kikao nilisimama na daftari langu. Nikapendekeza kwamba yowe kutoka juu lisipokewe mpaka katibu athibitishe. Nilikuwa na kipimo cha mvua nilichojitengenezea kwa chupa ya plastiki na rula, nimekichomeka uani. Kila siku saa tatu asubuhi nakisoma, naandika. Watu walipiga makofi.

Aliyecheka ni shemeji yangu peke yake, mke wa kaka yangu. Huyu alinipikia na kunifulia miaka yote niliyokaa kwao nikisoma. Utani wetu ulikuwa hauishi.

"Shemeji," akasema mbele ya watu wote, "hiyo chupa si iko uani kwako? Mvua ya mlimani itaingiaje humo, itapanda bodaboda?"

Kikao kizima kikacheka. Mimi nikaona aibu.

"Wewe nenda kapike," nikamjibu. "Vipimo tuachie wenyewe."

"Haya, mtaalamu! Siku nikichukuliwa na maji uniandike kwa wino wa bluu. Mwekundu siutaki."

Alikuwa ameuliza swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Nililijibu kwa dharau. Katika vitabu vyangu vyote, jibu la swali lile halikuwemo.

Siku yenyewe ilikuwa kabla ya mvua za kwanza. Saa tano asubuhi nilikuwa uani, na jirani yangu Mama Yohana anapepeta mtama upande wa pili wa uzio. Yowe la juu huishia kwenye nyumba zetu mbili, za chini hungoja letu. Yowe likaja.

"Baba Neema, unasikia? Wa juu hao! Nipokee?"

"Subiri."

"Nisubiri nini, baba?"

"Subiri nithibitishe."

Nikatazama chupa. Kavu. Nikatazama juu, anga ya bluu. Upande wa mlima kulikuwa na weusi kidogo. Niliuona! Nikajiambia ni moshi wa watu wanaochoma mashamba. Nikaandika saa, kisha: "Yowe kutoka juu. Mvua sifuri." Ndipo nikampigia simu mwenyekiti wa kitongoji cha juu. Hakupokea. Nikapiga tena.

"Baba, nipokee basi!"

"Nimesema subiri! Si tulikubaliana kikaoni?"

Mama Yohana akajiziba mdomo kwa kiganja. Nilimwona akifanya hivyo, kama mtu anayezuia kikohozi kanisani.

Simu ya tatu mwenyekiti alipokea. Nilisikia ngurumo nyuma yake, na yeye anapasuka koo: "Watoeni! Watoeni!"

Nilikimbia. Kwa hesabu ya daftari langu mwenyewe, zilikuwa zimepita dakika saba.

Nilipofika ukingoni nikipiga kelele, wanawake wawili walikuwa tayari wanapanda. Shemeji ndiye aliyekuwa zamu ndani ya kisima kirefu. Mwenzake alimtupia kanga. Kichwa kikatokea, viwiko vikatokea, mchanga ukameguka, akateleza tena ndani. Ee Mungu wangu! Akapanda mara ya pili, akatoka, akasimama. Kati yetu hazikuzidi hatua thelathini.

Maji yakatokea kwenye kona. Watu wasiojua hudhani huja kama ukuta mrefu. Yale yalikuwa ya magotini tu, ya kahawia, yanasukuma matawi na povu. Magotini! Yalimkata miguu akiwa anakimbia, akaketi kama mtu aliyechoka, na baada ya hapo sikumwona. Niliingia mpaka kiunoni, wanaume wakanishika shati. Mimi sijui kuogelea. Hakuna ajuaye, hapa kwetu nani angemfundisha nani?

Tulimpata kesho yake, mbali huko chini, kwenye miiba ya migunga.

Msibani ilisemwa kwamba watu wa juu walichelewa kupiga yowe. Nililisikia neno hilo nikiwa nimekaa mkekani, bega kwa bega na kaka yangu. Yule mfugaji wa juu aliyelianza yowe alikuja kuhani. Hakuna aliyemsogelea kumpa nafasi.

"Nilipiga," alisema amesimama. "Nilipiga mpaka sauti ikakatika."

Kaka akageuza uso. Na mimi nikatazama chini! Neno moja tu lilitosha, na nilikuwa nalo mdomoni.

Baada ya wiki kadhaa Mama Yohana alinijia.

"Baba Neema, jambo hili linanila. Nilisikia, sikupokea. Yule mama nimemuua mimi."

Unajua nilimjibu nini? "Usiseme hivyo." Basi. Nilimwacha aondoke na mzigo wangu, ameubeba yeye, na anaendelea kuubeba. Siku hizi akisikia mtoto analia kwa nguvu anasimama ghafla, anaacha anachofanya.

Kaka naye aliniomba kitu kimoja. "Mdogo wangu, wewe ndiye unayeandika mambo. Nisomee siku ile, yowe lilifika saa ngapi na maji saa ngapi. Nataka kujua tu." Nikamwambia daftari lililowa. Halikulowa. Ukurasa niliuchana mimi, nikautia jikoni, kwenye moto ambao binti yangu alikuwa anapikia ugali.

Kila Jumapili baada ya ibada naenda kwake nikiwa nimeazimia kusema. Ananipa chai. Anauliza habari za ghala. Nakunywa, naaga, narudi.

Mwezi uliopita nilipanda kitongoji cha juu kumwomba yule mfugaji wasiache kupiga yowe msimu huu. Sikumwambia ukweli hata yeye. Nilimwomba tu, kama kiongozi. Akaendelea kukamua mbuzi wake.

"Mwaka jana niliitwa mwongo kwa kupiga," akasema. "Halafu nikaitwa muuaji kwa kuchelewa. Sasa mimi na nyumba yangu tumenyamaza. Kasomeni chupa yenu."

Ndugu yangu unayesoma haya, ikiwa unaishi karibu na korongo, nisikilize mimi niliyekwisha kukosea. Mvua ya kuogopa siyo lazima inyeshe juu ya bati lako. Tazama milimani, siyo juu ya kichwa chako. Mtu akikuambia toka, toka, maswali utauliza ukiwa umesimama mahali pa juu. Yowe la uongo litakupotezea asubuhi moja, na asubuhi nyingine zipo. Maji ya magotini usiyadharau. Na wewe kiongozi mwenzangu, mwenye daftari na kalamu, usiiweke ruhusa yako kati ya onyo na watu. Hata ruhusa ya dakika moja usiiweke! Pima, andika, lakini waache watu wakimbie kwanza.

Kaka, ukisomewa haya utajua ni mimi. Yowe lilifika saa tano na dakika kumi. Maji yalifika saa tano na dakika ishirini na moja. Muda ulikuwepo, kaka. Niliushika mimi.

Leo nimekuja ukingoni tangu asubuhi. Mawingu yamekaa mlimani tangu jana. Mchangani kuna wanawake tisa. Nimewaambia watoke, na mmoja akaniuliza, bila ubaya wowote, "Halafu tunywe nini, baba?" Wakaendelea kuchota. Huko juu, kwenye nyumba ya mfugaji inayoyaona maji kwanza, hakuna atakayepiga yowe. Kutoka hapa nilipo naiona ile kona tu, na maji yakitokea hapo, hata nikipiga kwa nguvu zangu zote nitakuwa nimechelewa.