Besi ya Baba Kioko

Soko la Emali lilinuka vumbi, dizeli na vitunguu, lakini mimi nililijua zaidi kwa mtetemo. Kabla hujasikia wimbo wenyewe, mabati ya kibanda cha Baba Kioko yalikuwa yashaanza kutetema, du-du, du, na nyayo zako zikapata habari kabla ya masikio. Hapo ndipo alipoazimisha kanda za rege, mwanamume mnene, mpole, aliyefunga kibanda kila Jumapili aende kanisani kama watu wengine wote. Likizo ile ya Agosti, nikiwa darasa la sita, nilikuwa mteja wake mdogo kuliko wote na, haki, msumbufu kuliko wote.

Baba Kioko alikuwa na sharti ambalo sijalikuta popote tena. Ukirudisha kanda, hakupi nyingine mpaka uimbe besi, ile ngurumo nzito ya chini, ya ile uliyokwenda nayo. Si maneno; maneno, alisema, hata kasuku anayaweza. Besi! Madereva wa malori, watu wazima wenye vitambi, walisimama pale wakinguruma kwa midomo huku wenzao wakiwacheka. Ukifaulu, alifikiri kidogo, kisha akachomoa kanda kutoka rafu ya juu: "Huyu sasa, msikilize. Yule wako alijifunza kwake." Hivyo ndivyo nilivyorudi nyuma, msanii kwa msanii, kutoka rege nzito ya polepole hadi nikafika kwenye ska, muziki uliozaa rege, wenye tarumbeta zinazokimbizana na gitaa linalorukaruka. Lo! Siku niliyoisikia mara ya kwanza niliacha kupepeta maharagwe nikaruka nayo uani, kuku wakatawanyika. Ilikuwa kama kuonyeshwa nyanya yangu akiwa bado msichana.

Nyumbani nilisikiliza jikoni, kwa redio ya betri tulizokuwa tukizianika juani ili zipate nguvu kidogo. Mama aliongoza kwaya ya kanisa, na kwake huo ulikuwa muziki wa bangi, basi. Alivumilia karibu likizo yote. Lakini siku mchungaji alipopita kutusalimu akakuta tarumbeta zinalia, mama aliona haya mpaka akaichomoa kanda, akaifunga kwenye leso, akaniambia, "Twende kwa huyo mtu wako. Leo ndiyo mwisho." Nililia njia nzima. Sikuililia kanda ile. Niliililia iliyofuata, ambayo sasa nisingeijua kamwe.

"Baba Kioko, unaniharibia mtoto," mama alisema, akaitua kanda mezani.

Baba Kioko aliitazama, akamtazama na yeye. "Pole sana, Mama Ndinda. Lakini sharti unalijua. Aliyeleta kanda ndiye anayeimba."

Madereva waliokuwa pale wakageuka kutazama. Nilitamani ardhi inimeze. Mama akafungua kinywa amjibu, na kilichotoka, jamani, kilikuwa besi! Yote, bila kukosea, na pale inapopumzika, akapumzika. Kumbe likizo nzima alikuwa akizisikia kanda zangu kupitia ukuta wa jikoni, na sikio lake la kwaya halikuacha kitu. Alipomaliza alishtuka kuliko sisi sote, kisha akacheka hadi akajifuta machozi kwa ile leso. Baba Kioko akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu.

Siku hizi pale panauzwa vifuniko vya simu. Simu yangu huniletea msanii mpya kabla wa kwanza hajamaliza kuimba, tena wengine wazuri ajabu, sikatai. Ila haijawahi kuniuliza kama yule aliyetangulia nilimsikia. Kwa hiyo mama, ambaye sasa anaishi Makindu na meno yamebaki machache, akinipigia kuuliza, "Umepata mwingine?" simtumii chochote kwanza. Namwambia aimbe besi ya yule niliyemtumia mwisho. Juzi alikohoa, akaitafuta sauti, kisha ikaja, du-du, du, na pale inapopumzika, akapumzika. Nilidhani amesahau. Alikuwa anahesabu mapigo tu.