Kidole Nilichomwazima Shangazi

Nilimwazima shangazi yangu kidole. Nililikana jambo hili kwa miezi, hata mbele ya mume wangu, na asubuhi moja nililikana mbele ya polisi, mkono kifuani.

Ilikuwa siku ya gulio Handeni, zama hizi ambazo kampuni za simu zinagombea wateja chini ya miavuli. Shangazi alitoka Kwamsisi kusajili laini. Mashine ikakataa vidole vyake vyote kumi; alama zilishaliwa na mkonge, kisha na jembe. Wakala, mama mmoja mwenye sauti ya asali, akaniambia, "Weka chako tu, dada." Nikamtajia namba ya kitambulisho changu, nikaweka. "Haijakubali, rudia." Nikarudia, tena na tena. Mimi, mwenye shahada mbili, ninayewafundisha kina mama wa Korogwe wasimpe mtu namba ya siri!

Miezi ikapita, nikaitwa kituoni Korogwe. Nilidhani nimealikwa kutoa mada. Nikavaa kitenge kipya. Afande wa makosa ya mtandao, binti ambaye ningeweza kuwa mwalimu wake, akanisomea ujumbe: "Mwanao ameanguka shuleni, yuko chumba cha upasuaji, tuma hela ya dawa haraka." Mama mmoja wa Mkumbara aliupokea akiwa shambani, akazimia palepale.

"Laini iliyotuma imesajiliwa kwa jina lako, mama."

Akanigeuzia karatasi. Laini saba, zote zangu. Nilizijua mbili. Tatu, kama ningesema kweli.

"Uliwahi kumsajilia mtu mwingine?"

"Kamwe."

Nilijiambia namkinga shangazi, maana kumsajilia mtu kwa kidole chako ni kosa. Uongo. Niliona aibu tu.

"Basi nitakuandika mtuhumiwa," akasema, bila ukali. "Ila kwanza tuzipigie."

Nne hazikupatikana. Ya tano ikaita. Akaweka spika.

"Haloo! Nani mwenzangu?"

Nilikusudia kunyamaza. Kesi nzima ilitegemea mdomo wangu ufungwe. Lakini sauti ile ndiyo iliyonilea, na mdomo ukatangulia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Kidole chako hakijambo?"

Afande akaniangalia, kisha akaisogelea simu. "Shikamoo, bibi. Ni polisi Korogwe hapa. Kidole gani hicho?"

"Marahaba. Si kile alichoniazima kwa yule mama wa mwavuli! Alimbonyezesha mara tano, laini yenyewe moja. Nikamwambia, mwanangu, huyu anakukamua kama ng'ombe. Akanijibu yeye amesoma chuo kikuu."

Afande alihesabu karatasini kwa ncha ya kalamu: ya shangazi, na zile nne. Hakucheka. Nilitamani acheke.

"Huyo mama wa mwavuli unamfahamu, bibi?"

"Mpaka kwake. Njooni niwapeleke. Na huyo msomi mje naye, aniombe radhi."