Sauti ya Mwandu Uwanjani

Siku ya nne baada ya kumzika baba yake, Esteria alivaa traksuti ya chuo, akaning'iniza filimbi shingoni, akarudi Nsemulwa kwenye shule aliyopangiwa mazoezi ya kufundisha. Hakuwa ametoa chozi hata moja. Kule Litapunga shangazi zake walimtazama makaburini, wakanong'ona kwamba usomi umemkausha macho. Aliwasikia, na maneno yale hayakumgusa popote.

Baba huyo, Mzee Mwandu, alihamia Katavi na ng'ombe wake kutoka Usukumani, Esteria akiwa bado tumboni. Watoto aliwalea kama alivyoswaga mifugo. Wakienda shambani, yeye hutangulia, fimbo begani, na mtoto akilalamika kuchoka, husikia tu sauti kutoka mbele: "Aliye nyuma atajijua!" Hivyo ndivyo Esteria alivyojifunza kukimbia. Mbio hizo zikamfikisha mashindano ya mkoa, kisha chuo cha ualimu, akachagua somo la michezo. Mzee alicheka: "Kukimbia nako kunasomewa?" Lakini hakuna mgeni aliyepita pale nyumbani bila kuambiwa habari hiyo.

Asubuhi hiyo mkufunzi wake, mwalimu Gaspar, alikuwa amekuja kumtathmini. Darasa la tano walikimbia mbio za kupokezana vijiti. Queen, msichana mnene mwenye aibu, alipokea kijiti cha mwisho na kukimbia huku ameshika ubavu. Timu nyingine zilikuwa zimeshamaliza. Esteria alipuliza filimbi, na kabla hajafikiri, mdomo ukasema:

"Aliye nyuma atajijua!"

Sauti ilitoka nzito, yenye lafudhi ya Kisukuma ambayo mwenyewe hakuwa nayo. Darasa zima liliangua kicheko. Queen akadondosha kijiti, akaenda ukutani, akakaa akiwapa mgongo.

Esteria alijua anatakiwa kufanya jambo, chuoni walifundishwa. Alisimama tu. Aliona vumbi, kijiti, viatu vya Queen vilivyolika visigino, vyote kwa mbali, kama anavitazama kupitia kioo cha dirisha. Baadaye miguu ilimpeleka, akakaa kando ya mtoto.

"Nisamehe. Lile neno si langu."

"La nani, madam?"

"La baba yangu."

"Ni mkali?"

"Amefariki."

"Pole, madam," Queen akasema. Hakuinuka mpaka kengele ilipogongwa, na Esteria hakumlazimisha.

Mwalimu Gaspar, aliyekuwa ameyasikia maneno yao, alikunja karatasi zake. "Leo sikupi alama. Nitarudi wiki ijayo. Kwa nini hukuniambia una msiba?"

"Sikujua kama ninao, mwalimu."

Jioni alimpigia mama yake simu. "Mayu, kwa nini baba alikuwa hageuki nyuma?"

"Nani kakwambia alikuwa hageuki?" Mama alikohoa kidogo. "Nyie mlikuwa mnaangalia miguu yenu. Mimi aliniweka nyuma yenu wote. Kila mara ananitafuta kwa macho, nikiinua mkono anajua mmetimia. Ndipo anafoka."

"Hakuwahi kutuambia."

"Angewaambia ili iweje? Mngelegea."

Esteria alishukuru, akakata simu, akafua traksuti. Alingoja kitu kimpande kifuani. Hakikupanda.

Wiki iliyofuata alipanga somo upya. Alikimbia mwenyewe wa mwisho, hatua mbili nyuma ya Queen, kimya, mpaka wakavuka mstari. Mwalimu Gaspar alimpitisha, ila akaandika kwamba mwalimu azungumze zaidi na wanafunzi wake.

Sasa amemaliza chuo na anajitolea kwenye shule moja ya Ikola. Kulia, bado hajalia. Shangazi wameacha kuuliza. Uwanja wa pale umeinamia ziwani, na mpira ukipigwa vibaya huangukia kwenye dagaa walioanikwa. Akina mama wenye dagaa wakifoka, humfokea yeye, si watoto. Esteria huteremka, huomba radhi, huinama kurudisha dagaa waliotawanyika, kisha hupanda na mpira kwapani, akiwatafuta wanafunzi wake kwa macho, mmoja mmoja, kama wametimia.